Je, gari la 4x4 lisilo na mbwembwe linafaa kununuliwa Nairobi? Mwongozo kamili

Nilinunua Suzuki Jimny kwa sababu ya kilomita nne. Ndizo zinazotenganisha lami ya upande wa Isinya na boma la wakwe zangu, na zote nne ni udongo mweusi. Kiangazi hata Vitz hupita hapo ikipiga honi. Masika yakifika, udongo huo hujishindilia kwenye tairi, ukapanda mpaka chini ya madigadi, gurudumu likakosa pa kuzungukia, nawe ukabaki unakata usukani huku gari likienda linakotaka lenyewe.

Tangu niwe nalo, hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniuliza, ofisini au kwenye harusi za watu, "Na mimi nichukue kama hilo?" Huwa namrudishia swali: kilomita zako nne ziko wapi? Wengi hucheka. Wachache hutaja mahali papo hapo, bila kufikiri: Kinale, Kona Baridi kuteremka kwa ndani, shamba la Naivasha lililo mbali na barabara. Hao ndio ninaowaandikia. Wengine pia wasome, maana mwongozo huu unaweza kuwaokolea pesa.

Gari ninalozungumzia ni la kazi: lenye chesisi yake ya chuma tofauti na bodi, ekseli imara, gia za kuvuta polepole, na vifaa vya umeme vichache kiasi kwamba fundi wa kijijini hatatoroka akifungua boneti. Viti vyake hupangusika kwa kitambaa chenye maji. Jimny ya zamani ni mfano mmoja. Land Cruiser za 70 na Land Rover Defender za zamani ni ndugu zake wakubwa.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako za matope

Chukua kalenda ya mwaka jana. Weka alama kwenye siku ambazo barabara ilikuzuia kweli. Usihesabu siku uliyoogopa. Hesabu siku uliyokwama, uliyorudi njiani, au uliyoliacha gari kwenye lami ukapanda bodaboda. Nairobi na viunga vyake huwa na misimu miwili ya mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo hata mwenye shamba mahali pabaya hana matope mwaka mzima.

Sasa weka hesabu ya mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 30 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 660. Jimny ya injini ya lita 1.3 kwenye foleni ya Mombasa Road ikikupa kilomita 10 kwa lita, shukuru; utachoma lita 66. Gari dogo la kawaida la kilomita 15 kwa lita litachoma 44. Tukichukua petroli kuwa shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni shilingi 3,960 kila mwezi, yaani 47,520 kwa mwaka.

Igawanye kwa siku zako za matope. Ukiwa na siku 20, kila siku ya matope imekugharimu shilingi 2,376 za mafuta ya ziada. Ukiwa na siku tatu, kila moja ni shilingi 15,840, na kwa pesa hizo unaweza kukodi gari la mtu pamoja na dereva wake na chakula cha mchana. Hapo hatujagusa tairi, bima wala fundi.

Mimi nilikuta siku 31. Lakini hata hizo peke yake zisingetosha kunishawishi, kwa kuwa bodaboda ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi mia sita tu. Kilichoamua ni mizigo. Mama mkwe anafuga kuku, na magunia ya chakula cha kuku hayapandi boda kwa heshima. Kwa hiyo ongeza swali la pili kwenye kalenda yako: siku hizo ulikuwa umebeba nini, na ulikuwa na nani? Mtu anayempeleka mzazi mgonjwa kliniki na mtu anayekwenda kuangalia mahindi yake hawana hesabu moja.

Hatua ya pili: jua unachonunua ukisikia "four-wheel"

Neno hili linauza magari mengi kwenye yadi za Ngong Road kuliko rangi nyeupe. Kuna magari ambayo magurudumu manne husaidiana muda wote au pale mfumo unapohisi utelezi: Forester, RAV4, X-Trail. Hayo ni mazuri kwa barabara ya vumbi, kwa changarawe iliyooshwa na mvua, na kwa Limuru asubuhi ya ukungu. Kwa wanaonisomea pembeni, hapa ndipo pengine pa kusimama. Forester ya miaka ya karibuni ina nafasi ya takriban milimita 220 kati ya tumbo lake na ardhi, Jimny ya kizazi cha tatu ina 190 tu, na Forester inambeba mkeo, watoto na mifuko yao bila mtu kukunja magoti.

Jimny, Land Cruiser 70 na pikapu nyingi za kazi zina kitu ambacho hizo hazina, nacho ni gia za chini, zile zilizoandikwa 4L. Ukizitia, gari huenda mwendo wa mtu anayetembea huku injini ikizunguka kwa nguvu zake zote. Unapanda mteremko wenye mawe bila kuunguza klachi, na unashuka bila kukalia breki. Tena Jimny ni fupi. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,250, na bampa zake hazijitokezi sana, ndiyo maana hupita kwenye korongo ambalo gari refu lingelikwangua kwa tumbo hata kama lina nafasi kubwa zaidi kwenye karatasi.

Gharama yake ni hii: magari haya mengi hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiwasha 4x4, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye matope tofauti hiyo humalizwa na utelezi. Kwenye lami kavu hakuna utelezi. Gari hujikaza, usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, na mwishowe meno ya transfa, boksi linalogawa nguvu kwa ekseli mbili, ndiyo yanayolipa. Nimeona kijana akiiendesha hivyo kwenye Thika Road, taa ya kijani ya 4x4 ikiwaka kwenye dashibodi kama pambo. Kwenye lami ni 2H, magurudumu mawili tu. Basi.

Na usisahau Probox. Kabla hujanunua chochote, simama kwenye njia yako mbaya siku ya mvua uone nini kinapita. Ukiona Probox tatu zimepita na magunia juu, tatizo lako huenda ni udereva.

Hatua ya tatu: chagua kwa kuangalia vipuri kwanza

Watu huanza na sura. Mimi nakushauri uanze Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ingia maduka matatu, taja gari unalolitaka, na uulizie vitu vinne: seti ya klachi, beringi za magurudumu ya mbele, rejeta, na bushi. Wakikujibu "ipo, unataka ya Japan au ya kawaida?" umepata gari. Wakikujibu "tunaweza kukuagizia", umepata ndoa yenye mahari isiyoisha.

Kwa kipimo hicho, Jimny ya 1.3 ya kizazi cha tatu, yenye msimbo wa chesisi JB43, inasimama vizuri. Injini yake, M13A, ina cheni ya taimingi na si mkanda, na haihitaji miujiza. Kuna nduguye wa cc 660, JB23, aliyetengenezewa sheria za magari madogo za Japani. Ni mdogo wa injini, ana tabo, na anapopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru utamsikia akilalamika njia nzima. Vipuri vya injini yake ni vya kutafuta. Simkatai kwa anayezunguka Kiserian na Ngong tu, lakini kwa safari ndefu mwache.

Kizazi cha nne kilitoka 2018, na ni gari bora kwa kila kitu isipokuwa bei. Injini yake ni ya cc 1,462, chini kidogo ya 1,500, na hilo lina maana kwa anayeagiza, kwa sababu ushuru wa bidhaa hupanda ukivuka hapo. Kumbuka sheria ya miaka minane: gari linaloingia Kenya mwaka 2026 lazima liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kwa hiyo Jimny ya zamani huwezi kuiagiza tena. Utainunua kwa Mkenya aliyekutangulia. Wala usisubiri kizazi kipya kishuke bei haraka. Januari 2025 Suzuki ilipotangaza ya milango mitano huko Japani, maagizo yalifika takriban 50,000 ndani ya siku nne hivi mpaka wakasimamisha kupokea mengine.

Land Cruiser za 70 zimekuwa zikitengenezwa tangu 1984, na pikapu zake huunganishwa Mombasa. Ndiyo maana polisi, mashirika ya misaada na wachimba visima wote wanazo. Ni gari la maisha, kwa bei ya kiwanja. Defender za zamani, ambazo kiwanda cha Solihull kiliacha kuzitengeneza Januari 2016, zina wapenzi wake na mafundi wake hapa mjini. Ukishakuwa mpenzi huhitaji mwongozo wangu, unahitaji maombi.

Mobius nayo lazima niitaje, kwa sababu ilikuwa wazo hasa la gari la kazi lisilo na mbwembwe, lililoundwa Nairobi kwa barabara zetu. Mobius II ya 2018 ilianzia shilingi milioni 1.3. Ilikuwa juu, ngumu, na imevuliwa kila kisichohitajika. Lakini ilivutwa na magurudumu ya nyuma pekee, na wengi walioiona hawakulijua hilo kwa kuwa ilifanana na gari la vita. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga shughuli, kisha ikasema imepata mnunuzi. Anayeuziwa iliyotumika leo arudie ile safari ya Kirinyaga Road kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya nne: lala chini ya gari

Hapa ndipo nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza pesa.

Gari langu nililikuta liking'aa. Muuzaji, mtu mpole, alikuwa amelipaka rangi nyeusi sehemu yote ya chini. Nilidhani ni uangalifu. Fundi wangu, mzee anayefanyia kazi zake Kariobangi Light Industries, alipolala chini ya gari hilo baadaye akagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akagonga tena. Akatoka akijipangusa. "Kijana, hii umeuziwa rangi." Chini ya rangi kulikuwa na kutu, na chini ya kutu kulikuwa na bati lililochomelewa juu ya tundu. Kurekebisha kulikula karibu laki moja.

Kwa hiyo nenda na fundi wako, asubuhi, gari likiwa limelala baridi, na uvae nguo za kuchafuka. Beba tochi, bisibisi, sumaku ndogo na kipande cha turubai. Angalia chesisi yote kwa mkono na kwa jicho, hasa nyuma ya magurudumu ya nyuma, panaposhikiliwa springi, na pale bodi inapokalia chesisi. Chuma kizima kikigongwa hulia ngang! na kilichooza husema bup. Sumaku isiposhika, hapo pamejazwa pati. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka ishirini iwe sababu ya kuongeza maswali. Magari yaliyoishi Pwani, na yale yaliyotoka sehemu za Japani wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, huoza kutoka ndani kwenda nje. Injini unaweza kubadilisha. Chesisi iliyooza ina namba ya chesisi iliyo kwenye logbuku yako, na hakuna duka la kuuza nyingine.

Baada ya chesisi, nenda ekseli ya mbele. Kwenye Jimny, yale mapira ya chuma yanayogeuza gurudumu yana sili zake, na zikichoka utaona grisi iliyochanganyika na oili ikitiririka ndani ya ringi. Si jambo la kukimbia, ni jambo la kupunguza bei. Fungua boliti ya kujazia oili kwenye difu zote mbili na kwenye transfa, chovya kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari limeogelea na maji yameingia.

Kisha kuna habu, na hapa Jimny ina siri ambayo muuzaji hatakuambia, mara nyingi kwa sababu naye haijui. Kwenye kizazi cha tatu, magurudumu ya mbele hayaunganishwi na ekseli kwa chuma cha moja kwa moja. Huunganishwa na habu zinazofungwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini kupitia vipira vyembamba. Vipira vikipasuka, au sili zikivuja, unawasha 4x4, taa inawaka, propela shafti ya mbele inazunguka, na magurudumu ya mbele hayana habari. Ndivyo nilivyokwama mara ya kwanza, mita mia mbili kutoka kwa wakwe, taa ya kijani ikinitazama. Vijana walionisukuma walinitoza elfu moja na mia tano, na mmoja akaniuliza kwa upole, "Bosi, kwani hii si four-wheel?"

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa mahali pa sawa, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe na vuta breki ya mkono. Injini iwe inanguruma, gia kwenye nyutro, 4x4 imewashwa. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha jaribu kulizungusha kwa mkono, bila kuingiza mwili chini ya gari. Habu zikiwa zimefunga, litakataa. Likizunguka kirahisi, kuna habu isiyoshika. Rudia upande wa pili. Wengi wetu hatimaye huzitoa hizo na kuweka za kufunga kwa mkono: unateremka kabla ya matope, unazungusha kitasa kwenye kila gurudumu, unaendelea. Unachafua viatu, lakini unajua.

Injini yenyewe sina mengi ya kusema. Iwake ikiwa baridi bila kubembelezwa, isitoe moshi wa buluu, maji ya rejeta yasiwe na mafuta juu yake. Fundi yeyote mzuri atayaona hayo.

Hatua ya tano: liendeshe barabara mbaya kwa makusudi

Usikubali kuzungushwa kwenye mtaa wenye lami nzuri karibu na yadi. Omba upite kwenye matuta, changarawe na mahali utakapofika kilomita 80 kwa saa. Jimny ina ugonjwa wake maarufu: kati ya 60 na 80, ukigonga kiungo cha daraja au shimo dogo, usukani huanza kutetemeka mikononi mpaka ukapunguza mwendo. Chanzo huwa beringi za kingi pini, vichwa vya tairodi, bushi ya ule mtalimbo unaoishikilia ekseli isihame pembeni, au tairi ambazo hazijapimwa uwiano. Wengine huficha dalili kwa kuweka kizuia mtikisiko kipya kwenye usukani. Ukiona kifaa hicho kinang'aa na kila kitu jirani yake ni kikuukuu, uliza.

Ukifika kwenye changarawe, simama, tia 4H (magurudumu manne, gia za kawaida), nenda taratibu ukikata kona. Utahisi gari likijivuta kidogo, na ndivyo linavyotakiwa. Kisha simama kabisa, tia 4L. Iingie bila kulia kama kinu, na gari likiwa kwenye gia ya kwanza lisiruke kutoka.

Hapo hapo amua kama unaweza kuishi nalo. Kelele za upepo huanza kabla hujafika spidi ya Expressway. Ukiwa na watu wanne, buti inatosha mikate. Ni jembamba na la juu, halipendi kona za kasi wala madimbwi ya Waiyaki Way. Hata kizazi kipya kilipata nyota tatu tu kati ya tano kwenye majaribio ya usalama ya Euro NCAP mwaka 2018. Kama hili ndilo gari pekee la familia yenye watoto watatu, mimi ningekwambia hapana.

Hatua ya sita: makaratasi kabla ya pesa

Tafuta rekodi ya gari kupitia akaunti yako ya NTSA. Jina kwenye rekodi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiona jina la benki pamoja na lake, mkopo haujaisha. Linganisha namba ya chesisi kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Usiisome kutoka kwenye picha ya WhatsApp. Kama injini imewahi kubadilishwa, logbuku iseme hivyo.

Namba ya usajili isikudanganye. Gari la KBM linaweza kuwa lilitengenezwa miaka saba au minane kabla ya kufika hapa. Mwaka wa kutengenezwa umo ndani ya logbuku, na ndio kampuni ya bima itakaouangalia. Bima ya third party, ya kufidia wengine, ni lazima kisheria na utaipata. Bima kamili ndiyo yenye shida, kwani kampuni nyingi husita gari likishapita miaka 15 hivi. Piga simu mbili za bima kabla ya kulipa, maana kama haliwezi kupata bima kamili, likiibiwa limekwenda.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye mtandao, nawe unaukubali kwenye akaunti yako. Fanyeni mkiwa mmekaa meza moja, ndipo pesa ya mwisho itoke. Dalali akikuharakisha kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani kutoka Nakuru, mwambie amsalimie.

Hatua ya saba: weka pesa pembeni, kisha uzitumie

Bei mliyokubaliana si bei ya gari. Ongeza sehemu moja kati ya saba, hata ikibidi ununue gari la bei ya chini kidogo ili zibaki. Pesa hizo zina kazi mwezi wa kwanza: oili zote tano, yaani za injini, gia boksi, transfa na difu mbili, maji ya rejeta na mipira yake, breki, beringi za mbele zifunguliwe na kupakwa grisi upya. Fanya hata kama muuzaji ameapa kwamba alifanya wiki iliyopita.

Tairi ndizo zitakazobadilisha gari kuliko pambo lolote. Kwa anayekaa Nairobi na kutoka wikendi, chukua zenye meno ya wastani. Zile za matope zenye meno makubwa huonekana vizuri kwenye picha, lakini hunguruma kwenye lami siku tano kwa wiki na hushika vibaya lami ikilowa. Kuinua gari, winchi, bampa za chuma na taa za paa ziache kwa mwaka mzima. Kila kilo unayoongeza, injini ya 1.3 inaihisi kupanda Kikopey.

Hatua ya nane: jifunze kabla ya mvua

Washa 4x4 angalau mara moja kwa mwezi, kwenye udongo, uendeshe kilomita moja au mbili. Oili itazunguka kwenye ekseli ya mbele, na utajua mapema kama habu zimelala.

Nunua pampu ndogo ya umeme na kipimo cha presha. Kabla ya kuingia kwenye matope, shusha tairi hadi psi 18 hivi. Zinatanuka na kushika mahali ambapo zingechimba. Ukirudi kwenye lami jaza kabla ya kukimbia. Tia gari kwenye 4H au 4L kabla ya kuingia, usingoje mpaka ukwame. Chagua gia moja, ya pili mara nyingi, shika mwendo ule ule, na usikanyage mafuta kwa hasira gurudumu likianza kuzunguka bure, kwa kuwa kila mzunguko ni chepe moja ya udongo unaotoa chini yako. Beba kamba ya kuvutia, chepe, na mbao mbili za kuwekea jeki isizame.

Kwenye udongo mweusi hasa, kuna siku gari lolote litagoma. Tairi hujaa mpaka zikafanana na mikate ya maandazi, na meno yake hayaonekani. Siku hiyo usipigane. Zima injini, kwangua udongo ulioko kwenye madigadi kwa fimbo, piga simu boma useme utachelewa, na ungoje. Mvua ikikoma asubuhi na jua likatoka, saa mbili tatu hutosha ngozi ya juu kukauka kiasi cha kubeba gari jepesi kama hili. Mimi hubeba chupa ya chai kwa ajili hiyo.